Ufundi wa Karatasi Ukaao Ndani ya Flashi

Mtu wa Quiterajo, katika pwani ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, apendaye kujenga nyumba, vyombo na ngome kwa karatasi ana mahitaji machache kuliko wapenzi wa fani nyingine nyingi, kwa kuwa manila, mkasi, wembe, rula na gundi nyeupe ni vitu vya thamani ndogo ambavyo msafiri yeyote aendaye mjini aweza kuagizwa, na mikono ya watu wa pwani hii, iliyozoea kusuka ukili na kushona matanga, haina haja ya kufunzwa subira; walakini liko jambo moja limkwamishalo, nalo ni kuchora vipande vyenyewe kwa vipimo visivyokosea, kwa sababu kompyuta ifaayo kazi hiyo aghalabu ni mali ya mwingine: ya mwalimu, ya duka la fotokopi, au ya jamaa aliyekuja kutembea kutoka mji wa Pemba. Kwa mtu wa namna hii nimeandika mwongozo huu, na rai yangu naitoa mapema ili asomaye ajue anaelekezwa wapi: kazi yako yote, pamoja na programu zote uzitumiazo, na ikae ndani ya flashi moja uwezayo kuitia mfukoni, na programu hizo ziwe za bure kwa haki, wala zisiwe za wizi, ili kompyuta iwe chombo cha kuazima tu na ufundi ubaki kuwa wako.

Modeli ya karatasi, kwa asiyeijua, ni umbo la kitu halisi lililopunguzwa kwa kiasi maalumu, likachorwa bapa kwa vipande juu ya karatasi, kisha vipande hivyo vikakatwa, vikakunjwa na kuunganishwa kwa ndimi ndogo za gundi mpaka umbo likasimama. Fani hii imezoea nyakati za dhiki. Kadi ndogo za Micromodels zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1941, katikati ya Vita Vikuu vya Pili, na huko Poland jarida la Mały Modelarz, lililoanzishwa mwaka 1957, liliwaletea vijana merikebu, ndege na majengo yaliyochapwa tayari kwa kukatwa. Wajenzi wale walingoja mchoraji wa mbali awachagulie cha kujenga. Wewe waweza kuchora mwenyewe nyumba ya babu yako, na hapo ndipo programu zinapohitajika.

Ama programu ya kubebeka ni ipi? Programu ya kawaida, unapoiingiza katika kompyuta, hutawanya faili zake katika pembe nyingi za mashine, hudai neno la siri la mwenye mashine, na husahau mazoea yako pindi unapohamia kompyuta nyingine. Bali ile ya kubebeka hukaa yote ndani ya folda moja, huhifadhi humo humo mipangilio uliyoichagua, na unapochomoa flashi aghalabu haiachi athari nyuma. Mmarekani John Haller aliianza kazi hii mwaka 2004 kwa kuifanya Firefox iweze kubebwa, na kutokana na juhudi hiyo ukazaliwa mkusanyo wa PortableApps.com, ambao leo una mamia ya programu za bure, zikiwemo karibu zote nitakazozitaja. Mahali ambapo umeme ni wa sola na mwenye kompyuta hukupa saa yake moja kwa hisani, kuitumia saa hiyo katika kuingiza programu ni hasara tupu. Tena watu wa mkoa wetu wa Cabo Delgado wamejua maana ya kuondoka kwa ghafula: kimbunga Kenneth kilipiga pwani yetu tarehe 25 Aprili 2019, na vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vimewahamisha watu wa vijiji vizima, Quiterajo ikiwa miongoni mwavyo. Katika safari za namna ile kompyuta ya mezani hubaki, na flashi huenda na mwenyewe.

Basi itafute flashi ya GB 16 au zaidi, na siku utakapofika mjini penye intaneti ya kutosha, pakua programu zako zote kwa safari moja, ukizichukua katika makao yake rasmi wala si kwa mtu aliyeziiga kwa rafiki aliyeziiga kwa mwingine, kwa maana njiani humo ndimo virusi vinamoingilia. Gawanya flashi yako katika folda tatu: moja ya programu, moja ya kazi zinazoendelea, na moja ya michoro iliyokamilika. Katika folda ya programu weka pia nakala zilizobanwa za programu zile zile, pamoja na 7-Zip ya kuzifungulia, ili siku kirusi kitakapoharibu iliyo wazi, nawe hauko karibu na intaneti, uifute na kuifungua nyingine papo hapo. Virusi vinavyoficha folda na kuweka njia za mkato za uongo mahali pake ni maradhi ya kawaida katika maduka ya fotokopi. Ukiona folda zako zimegeuka ghafula kuwa alama zenye mshale mdogo, usizibonyeze. Na kama flashi ni ya mwendo wa polepole, nakili folda ya programu juu ya meza ya kompyuta, ufanye kazi hapo, kisha urudishe kazi yako katika flashi na kufuta ulichokiweka katika mashine ya watu.

Programu ya kwanza, na ambayo ningeichagua kama ningeruhusiwa moja tu, ni Inkscape. Ilizaliwa mwaka 2003, ni ya bure kwa leseni inayokuruhusu kuitumia, kuinakili na kumgawia jirani, nayo huchora kwa mistari iliyo na vipimo halisi vya milimita badala ya nukta za rangi, hata ukiukuza mchoro mara kumi mstari hubaki safi na mahali pake. Watu wengi huambiwa kuwa modeli ya karatasi huanza na programu kubwa za maumbo ya pande tatu. Mimi sikubaliani na shauri hilo kwa anayeanza, kwa sababu nyumba nyingi za pwani yetu zina kuta bapa na paa za migongo bapa, na mwenye futi kamba, penseli na hesabu za shule ya msingi aweza kuzichora moja kwa moja, akajifunza kwa mikono yake mwenyewe jinsi umbo linavyokunjuka.

Tuchukue nyumba ya urefu wa mita 9 na upana wa mita 6, kuta zake zikiwa na kimo cha mita 2.4, na paa la migongo miwili ambalo kileleni limepanda mita 2.25 juu ya kuta. Ukitumia skeli ya 1 kwa 50, ukuta mrefu utakuwa sentimita 18 na ule mfupi sentimita 12. Ukitaka kuziunganisha mbili katika ukanda mmoja wenye kona ya kukunjwa, jumla ni sentimita 30, na karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7 tu, na printa nayo haifiki ukingoni. Kwa hiyo chagua 1 kwa 60: sasa ukuta mrefu ni sentimita 15, ule mfupi ni 10, kimo ni sentimita 4, na ukanda wako wa kuta mbili ni sentimita 25, ukiongeza ulimi wa gundi wa milimita 7 ni 25.7, nao unakaa kwa raha. Paa ndilo huwakosesha wengi, maana hupima kimo chake kwa kusimama wakasahau kuwa paa limelala kwa mshazari. Nusu ya upana wa nyumba yako ni sentimita 5, na kilele kimepanda sentimita 3.75, zidisha kila moja kwa yenyewe, ujumlishe, utoe kipeuo cha pili, utapata sentimita 6.25, na huo ndio upana wa kila mgongo wa paa. Chora mstatili mmoja wa urefu wa sentimita 15 na upana wa 12.5, uweke mstari wa kukunja katikati, halafu ongeza upenu: nusu mita ya upenu kwa skeli hii ni kama milimita 8 kila upande, na nyumba ya makuti isiyo na upenu haifanani na nyumba ya kwetu.

Katika Inkscape weka ukurasa wa A4 na kipimo cha milimita kabla ya kuchora chochote, kisha tenga matabaka matatu: la mistari ya kukata, la mistari ya kukunja, na la rangi na maandishi. Mstari wa kukata uwe mzima, wa kukunja kwa nje uwe wa vipande vipande, na wa kukunja kwa ndani uwe wa kipande na nukta. Matabaka yakiwa mbalimbali, utaweza kuuficha mstari wa kukunja siku utakapotaka kuchapa uso safi. Kila ulimi wa gundi uchongwe kidogo pembeni ili usigongane na mwenziwe konani, na uandikwe namba ileile iliyo kwenye ukingo utakaoupokea. Liko jambo moja la tahadhari kwa mwenye faili za zamani: tangu toleo la 0.92 la mwaka 2017, Inkscape ilibadili hesabu ya nukta kwa inchi kutoka 90 kuwa 96, kwa hiyo mchoro uliotengenezwa kwa toleo la kabla ya hapo waweza kufunguka ukiwa na kipimo kisicho chake. Dawa ya hili, na ya makosa mengine yote ya vipimo, ni kuchora katika kila ukurasa kijimstari cha sentimita 10 kamili, na kukipima kwa rula mara karatasi itokapo katika printa.

Hapa nakusihi usimame kidogo, kwa kuwa kazi nyingi njema huharibikia katika printa. Hifadhi mchoro wako kama faili la PDF, na uubebe pamoja na SumatraPDF, kisomaji kidogo sana kinachofunguka upesi hata katika mashine dhaifu. Kisha wakati wa kuchapa mwombe mwenye duka akuonyeshe mipangilio ya kurasa, maana printa nyingi hujipa ruhusa ya kuupunguza ukurasa ili utoshee pambizo. Chagua kipimo halisi, ambacho katika kompyuta zetu za Kireno mara nyingi huandikwa «Tamanho real», au asilimia 100. Modeli iliyopunguzwa kwa asilimia 3 kurasa zote si msiba, lakini kurasa mbili zilizopunguzwa na ya tatu isiyopunguzwa ni kuta zisizokutana. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 hulegea. Tafuta manila ya gramu 160 hadi 200, uulize kwanza kama printa itaimeza, na chapa ukurasa mmoja wa majaribio kabla ya kulipia saba. Masika unyevu wa bahari huipinda manila, basi iweke chini ya kitabu kizito usiku kucha kabla ya kukata, na kila mstari wa kukunja upitishie kwanza ncha butu ya kalamu iliyokwisha wino, ukiongoza kwa rula, ili kunjo liwe kali.

Ukishaijua nyumba, utatamani jambo kubwa zaidi, na jambo kubwa la pwani yetu lifaalo karatasi ni ngome ya São João Baptista iliyoko kisiwani Ibo, iliyojengwa mwaka 1791 kwa umbo la nyota, ambayo ndani yake wafua fedha wa kisiwa wamefanya kazi. Kuta zake zimelala kwa mshazari na pembe zake hazikuchongwa kwa mraba, na hapo hesabu ya mkono huwa ndefu na ya kuchosha. Kwa hiyo ndipo nakuelekeza kwenye Blender, programu ya maumbo ya pande tatu iliyoanzishwa na Mholanzi Ton Roosendaal, ambayo mwaka 2002 wapenzi wake walichanga yuro 100,000 ili iachiliwe huru kwa ulimwengu, na imebaki huru tangu hapo. Ndani yake kuna kiongezo cha Adam Dominec kiitwacho Export Paper Model, kinachofanya jambo ambalo zamani mafundi walilifanya kwa siku nyingi: unajenga ngome kwa maumbo, unachagua kingo zipi zitakatwa na kuzitia alama ya mshono, kisha chenyewe hulikunjua umbo, hulipanga katika kurasa za A4, huongeza ndimi za gundi zenye namba, na huandika faili la PDF au SVG ambalo utalifungua katika Inkscape kwa kulipamba. Kipande kikizidi ukurasa, hukataa na kukuambia upunguze skeli au ukigawe. Mishono iweke mahali ambapo jicho halifiki kwanza: pembe ya nyuma, chini ya ukingo, kando ya lango, usiiachie mashine uamuzi huu, kwa kuwa mashine huhesabu wala haijui upande gani wa ngome unatazama bahari.

Blender huja kama faili lililobanwa, ukalifungua na kuliendesha bila kuliingiza. Katika matoleo ya kuanzia 4.2, ukiunda kando ya programu folda uliyoipa jina «portable», mipangilio yako yote itakaa humo. Lakini toleo hilo hilo la 4.2, la mwaka 2024, liliviondoa viongezo vingi ndani ya kifurushi na kuviweka katika ghala la intaneti, basi kipakue kiongezo cha karatasi siku ileile unapopakua programu, kusudi usije ukagundua upungufu ukiwa kijijini. Na ikiwa kompyuta uazimayo ni kongwe, Blender mpya haitafunguka kabisa, kwa sababu hutaka kadi ya picha ya kisasa. Chukua toleo la 2.79 la mwaka 2017, ambalo hufanya kazi katika mashine dhaifu na lina kiongezo hicho ndani yake. Mimi ningebeba yote mawili.

Wengi wa Quiterajo wataniuliza habari ya vyombo, mashua na jahazi, na jibu lake ladai uangalifu. Karatasi hukubali kupinda upande mmoja, kama inavyozungushwa kuwa bomba, lakini haikubali kupinda pande mbili kwa wakati mmoja bila kukunjamana au kuchanika. Mjerumani Carl Friedrich Gauss alilithibitisha jambo hili kwa hesabu mwaka 1827. Ubavu wa jahazi hupinda kutoka omo hadi tezi na tena kutoka utako hadi ukingoni, kwa hiyo hauwezi kuwa kipande kimoja. Fanya kama afanyavyo fundi wa chombo: gawa ubavu katika mbao, yaani vipande virefu vyembamba, vitano au sita kila upande, kila kimoja kikiwa na mpindo mdogo unaostahimilika, na ndani yake weka mataruma ya karatasi nene yaliyokatwa kwa umbo la tumbo la chombo. Mwenye jamaa fundi wa vyombo na aende akatazame mbao zinavyopunguzwa upana karibu na omo, maana somo hilo hakuna programu ilifundishayo. Tanga ni jepesi, ni kipande kimoja cha karatasi laini kilichoviringishwa kidogo juu ya penseli.

Kwa mapambo ya uso, yaani mlango wa nakshi, ukuta wa mawe ya matumbawe au bati lenye kutu, tumia GIMP, ambayo ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley mwaka 1995 na ina nakala ya kubebeka. Piga picha ya mlango kwa simu ukisimama mbele yake kadiri uwezavyo, kisha kwa zana ya kurekebisha mtazamo uivute mpaka pembe nne ziwe mraba, ukate pembezoni, na uipunguze kwa skeli: mlango wa mita 2.1 kwa 1.2 ni milimita 35 kwa 20 katika nyumba yetu ya 1 kwa 60, na kwa nukta 300 kwa inchi upana huo ni pikseli 236 tu, basi usihangaike na picha nzito. Walakini wino wa rangi ni ghali, na kwangu mimi nyumba iliyochapwa kwa mistari myeusi na kupakwa rangi kwa penseli ina uhai zaidi kuliko ile iliyovalishwa picha.

Utasikia sifa za Pepakura, programu ya kampuni ya Tama Software ya Japani, na sifa hizo ni za haki, kwa kuwa hukunjua maumbo kwa wepesi mkubwa. Lakini bila leseni ya kununuliwa haikuruhusu kuhifadhi kazi, na faili zake za PDO zimekusudiwa kufunguliwa na programu za kampuni hiyo peke yake. Chukua kisomaji chake cha bure ili uweze kuchapa modeli za wengine, bali kazi yako mwenyewe usiiweke katika umbo ambalo ufunguo wake anao mtu mwingine.

Kabla ya kupima jengo lolote, omba ruhusa: kwa msikiti mwendee imamu na wazee, kwa nyumba mwendee mwenye nyumba hata kama ni mjomba wako. Wala usipime, usichore, usipige picha kambi, kizuizi cha barabarani, kituo cha askari, gati linalolindwa au kitu chochote kilicho karibu navyo, na usitembee na michoro ya namna hiyo ndani ya flashi, kwa maana katika hali ya mkoa wetu mtu hatapata nafasi ya kueleza kuwa alikuwa akijenga kwa karatasi. Nyumba zenyewe zatosha. Zipimeni zikingali zimesimama, pamoja na baraza zake, madirisha na urefu wa upenu, na mkikosa futi kamba pimeni kwa pima na dhiraa, kisha mpime dhiraa ya mpimaji kwa rula mara moja na kuandika hesabu yake. Aliyepoteza nyumba kwa upepo au kwa moto na akakumbuka vipimo vyake aweza kuisimamisha tena mezani mbele ya wajukuu.

Kila kazi itakapokamilika, ihifadhi kwa namna mbili, SVG ya kurekebisha na PDF ya kuchapa, na katika jina la faili andika kitu, mahali, skeli na mwaka wa kipimo. Katika ukurasa wa kwanza andika jina la mpimaji, idadi ya kurasa na uzito wa karatasi uliyotumia. Kisha mpe nakala mtu aishiye mji mwingine, Pemba au Mtwara, aiweke katika flashi yake, nawe umwekee za kwake.